Kipokezi kipi cha njaa utengenezee dawa ya unene: CB1, 5-HT2C, MC4R, GLP-1 au amilini?

Vipokezi vya ubongoni vinavyohusika na njaa, yaani protini za seli zinazopokea ujumbe wa homoni au dawa, ni vingi, na karibu kila kimoja kimeshapatiwa molekuli iliyomkondesha panya wa maabara. Kumkondesha panya si kazi. Dawa yoyote inayomtia kichefuchefu, inayomlewesha au inayompandisha homa itamfanya asusie chakula. Kazi ni kupata kipokezi ambacho dawa itakigusa kila siku kwa miaka, mtu ale kidogo, na moyo, akili na usingizi wake vibaki kama vilivyokuwa. Kwa kipimo hicho vipokezi hivi vinapishana mbali sana.

Ulinganisho huu ni wa anayechagua: mwanafunzi wa uzamili wa famakolojia, mtafiti anayeandika andiko la mradi, au daktari anayetaka kuelewa kwa nini dawa hii imedumu na ile ikafutwa. Majina ya dawa tumeyaacha yalivyo kwenye boksi ili msomaji ayatafute bila kubahatisha.

Ramani kwanza

Chini ya ubongo, juu ya tezi ya pituitari, ipo haipothalamasi. Ndani yake kuna kiini kidogo chenye umbo la upinde, na humo makundi mawili ya nuroni, yaani seli za neva, yanavutana. Kundi moja hutoa AgRP na NPY. Likiwaka, mtu anatafuta chakula. La pili hutoa POMC, protini ndefu inayokatwa vipande, na kimojawapo cha vipande hivyo ni homoni ya alfa-MSH; hili likiwaka, mtu anahisi shibe. Makundi yote mawili yanapeleka ujumbe kwa nuroni za jirani zenye kipokezi cha MC4R. Alfa-MSH inakiwasha, AgRP inakizima.

Kituo cha pili kipo nyuma kabisa, kwenye shina la ubongo, mahali paitwapo eria postrema. Kazi yake ya asili ni kuonja damu: ikikuta sumu, mtu anatapika. Ndiyo maana shibe kali na kichefuchefu ni majirani wa ukuta mmoja.

Sasa jambo ambalo kwetu ndilo la kuangalia kabla ya mengine yote. Ubongo una ukuta unaoutenga na damu, ambao hauruhusu molekuli kubwa kupita. Lakini eria postrema, na sehemu ya chini ya haipothalamasi karibu na kile kiini cha upinde, hazina ukuta kamili. Ni madirisha. Peptidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, iliyo kwenye damu inaweza kuzigusa nuroni za hapo bila kuingia sehemu nyingine za ubongo. Ukizipanga dawa za unene kwa historia yake, utaona zile zenye nguvu ambazo bado zipo sokoni nyingi zilipita madirishani, na nyingi ya zile zilizoanguka kwa kishindo zilikuwa vidonge vilivyoenea nyumba nzima.

CB1

Hiki ndicho kipokezi ambacho bangi hukiwasha, na kila mtu ameshaona mvutaji bangi anavyoivamia sufuria. Hoja ya kukizima ilijileta yenyewe. Sanofi-Aventis ilitengeneza rimonabant, kidonge cha mg 20 mara moja kwa siku, na Ulaya ikaidhinisha Juni 2006 kwa jina la Acomplia. Katika jaribio la RIO-Europe, waliomeza mg 20 kwa mwaka walipungua kwa wastani wa kilo 6.6, wa plasebo, yaani dawa tupu, walipungua kilo 1.8. Kiuno kilipungua na mafuta kwenye damu yakakaa vizuri.

Juni 2007 kamati ya washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, ilipiga kura 14 kwa 0 kuikataa. Oktoba 2008 Shirika la Dawa la Ulaya likapendekeza isimamishwe, kwa kuwa waliokuwa wakiimeza walikuwa na hatari ya takriban mara mbili ya kupata matatizo ya akili: sonona, wasiwasi, kukosa usingizi, na wengine mawazo ya kujiua. Ndani ya wiki chache Merck ikaiacha taranabant, na Pfizer ikaiacha otenabant. Kundi zima la dawa likazikwa mwaka mmoja.

Tatizo ni makazi ya kipokezi chenyewe. CB1 ni miongoni mwa vipokezi vilivyojaa zaidi ubongoni: kwenye gamba la ubongo, hipokampasi, amigdala, hadi sehemu zinazoongoza mwendo. Mfumo unaokifanya chakula kitamanike ndio unaoyafanya na mambo mengine yatamanike. Tena rimonabant haikuishia kuziba mlango. Ilikisukuma kipokezi chini ya kiwango chake cha kawaida cha utulivu. Na majaribio yale yaliwaacha nje watu wenye sonona kali, ambao mitaani ndio haohao waliokwenda kuandikiwa dawa.

Baadaye likaja wazo la molekuli za CB1 zisizovuka ukuta wa ubongo, zifanye kazi kwenye ini, mafuta na utumbo tu. Monlunabant ya Novo Nordisk ni mfano mzuri. Matokeo ya Septemba 2024 yalionyesha mg 10 ikipunguza kilo 7.1 kwa wiki 16, dhidi ya 0.7 kwa plasebo. Dozi za juu hazikuongeza sana upungufu wa uzito, ila ziliongeza wasiwasi, hasira za haraka na usingizi mbovu. "Haivuki" mara nyingi maana yake ni "inavuka kidogo", na kwenye CB1 kidogo hicho kinatosha kuleta lawama. Hatumshauri mtu mwenye maabara ndogo aanzie hapa. Kufuatilia hali ya akili ya maelfu ya watu kwa miaka ni mzigo wa kampuni kubwa.

5-HT2C

Serotonini, kemikali ya ujumbe ya ubongoni, ina vipokezi vingi vinavyofanana kama watoto wa mama mmoja, na hapo ndipo pa kuteleza. 5-HT2C kipo kwenye nuroni za POMC. Ukikiwasha, shibe inaongezeka. Ndugu yake 5-HT2B yuko kwenye vali za moyo. Akiwashwa kwa muda mrefu, seli za vali zinazaliana na kujenga tando nene, vali inakakamaa na damu inarudi nyuma.

Fenfluramine, dawa ya unene ya zamani, iliwagusa wote wawili, hasa kupitia mabaki yake, norfenfluramine. Miaka ya 1990 Wamarekani waliimeza kwa wingi pamoja na phentermine, dawa nyingine ya kupunguza hamu ya kula. Mwaka 1997 madaktari wa Mayo Clinic walieleza wanawake 24 wenye vali zilizoharibika, na Septemba mwaka huohuo dawa ikaondolewa. (Ilirudi mwaka 2020 kutibu aina kali ya kifafa cha watoto, ugonjwa wa Dravet, kwa sharti la kupimwa moyo kwa mawimbi ya sauti kila miezi 6. Molekuli haifi, hubadilishiwa kazi.)

Lorcaserin, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2012, ilikuwa jibu la kikemia: mg 10 mara mbili kwa siku, ikipendelea 2C kuliko 2B kwa takriban mara 100. Vali zilisalimika. Lakini katika jaribio la BLOOM mwaka mmoja ulileta upungufu wa kilo 5.8 dhidi ya 2.2 za plasebo, faida ambayo mgonjwa haioni kwenye nguo zake. Kisha jaribio la CAMELLIA-TIMI 61, lenye watu takriban 12,000, likaonyesha saratani kwa asilimia 7.7 ya waliotumia dawa na 7.1 ya wa plasebo. Tofauti ni ndogo. Ila dawa yenye faida ndogo haina akiba ya kubeba hata shaka ndogo, na Februari 2020 iliondolewa.

Anayeshughulika na serotonini kwa lengo lolote, hata lisilo la unene, apime 5-HT2B wiki ya kwanza. Apime na mabaki ya dawa baada ya kupita kwenye seli za ini, si dawa mama peke yake. Fenfluramine ingenaswa na kipimo hicho.

MC4R

Kwa ushahidi wa jeni, hakuna kinachokishinda. Jeni ya MC4R iliyoharibika ndiyo sababu inayoongoza ya unene unaoletwa na jeni moja. Ni kituo cha mwisho ambako njaa na shibe zinakutana, kwa hiyo ukikiwasha umeruka hitilafu zote za nyuma yake, kama leptini, homoni ya shibe itokayo kwenye mafuta, kukosa kipokezi au POMC kutotengenezwa.

Vikwazo ni viwili. Cha kwanza ni shinikizo la damu: MC4R inahusika pia na neva zinazobana mishipa, na vichochezi vya mwanzo vilipandisha presha. Watu waliozaliwa na MC4R mbovu, pamoja na unene wao, huwa na presha ya chini kuliko wanene wenzao, jambo linalothibitisha kuwa presha inapitia kipokezi hichohicho. Cha pili ni ndugu yake MC1R, anayeamua rangi ya ngozi.

Setmelanotide ilikipunguza kikwazo cha kwanza, cha pili ikakiacha. Iliidhinishwa Marekani Novemba 2020 kwa wagonjwa wenye kasoro za jeni za POMC, PCSK1 (kimeng'enya kinachoikata POMC) au kipokezi cha leptini, waliothibitishwa kwa kipimo cha jeni. Ni sindano ya chini ya ngozi kila siku. Watu wazima huanza na mg 2 na hufika hadi mg 3. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2020, wagonjwa 8 kati ya 10 wenye kasoro ya POMC walipungua angalau asilimia 10 kwa mwaka, na 5 kati ya 11 wenye kasoro ya kipokezi cha leptini. Wengi wao ngozi ilikuwa nyeusi zaidi, madoa ya kuzaliwa yakakolea, na baadhi ya wanaume uume ulisimama bila kutaka.

Mtafiti asije akabeba namba hizo akaziahidi kwa mtu mnene wa kawaida. Mgonjwa asiye na alfa-MSH ni kama taa iliyokosa umeme: ukiuleta inawaka mara moja. Mnene wa kawaida umeme anao. Kuuzidisha hakumsaidii kwa kiasi hicho.

GLP-1 na wenzake

GLP-1 ni homoni ya utumbo inayotolewa baada ya kula. Ya asili huishi kwenye damu dakika 2 hivi kabla ya kimeng'enya cha DPP-4 kuikata, hivyo miaka mingi ya kazi ilikwenda kwenye kuirefushia maisha. Tazama semaglutide, dawa inayoiga GLP-1, kwa karibu. Asidi amino ya nafasi ya 8 imebadilishwa ili DPP-4 ishindwe kung'ata. Nafasi ya 26 imefungwa mkia wa asidi ya mafuta wa kaboni 18 unaoishika albumini, protini ya damu. Nafasi ya 34 imebadilishwa ili mkia ule usifungwe mahali pasipotakiwa wakati wa kutengeneza. Kwa mabadiliko hayo, inachukua takriban wiki nzima dawa kupungua kwa nusu mwilini, na sindano moja kwa wiki inatosha.

Wengi hudhani dawa hizi hukondesha kwa kuchelewesha tumbo kumwaga chakula. Tumbo linachangia kidogo. Panya walioondolewa kipokezi cha GLP-1 kwenye mfumo wa neva wakipewa liraglutide, dawa ya jamii hiyohiyo, sukari yao inashuka lakini hawaachi kula. Na semaglutide iliyotiwa alama imeonekana eria postrema na kwenye kiini cha upinde, palepale penye madirisha.

Matokeo yanajulikana. Katika STEP 1, watu 1,961, wiki 68, semaglutide ya mg 2.4 ilipunguza asilimia 14.9 ya uzito dhidi ya 2.4 za plasebo. Kichefuchefu kiliwapata asilimia 44, wa plasebo 17. Ndiyo sababu dozi inapandishwa ngazi kwa ngazi, wiki 4 kila moja: mg 0.25, 0.5, 1, 1.7, kisha 2.4. Anayeruka ngazi anatapika, na anayetapika anaacha dawa. Akiacha, mwaka mmoja baadaye karibu theluthi mbili ya uzito uliopotea umerudi. Jambo lingine la kuwekwa kwenye mpango wa utafiti tangu mwanzo: katika sehemu ya STEP 1 iliyopima miili kwa mionzi, karibu asilimia 40 ya uzito uliopotea haikuwa mafuta bali nyama na vinginevyo.

Tirzepatide inagusa vipokezi vya GLP-1 na vya GIP, homoni nyingine ya utumbo. SURMOUNT-1, wiki 72, mg 15: asilimia 20.9 dhidi ya 3.1. Ilipowekwa uso kwa uso na semaglutide kwenye SURMOUNT-5, ilipata 20.2 kwa 13.7. GIP wenyewe ni kitendawili ambacho hakijateguliwa: tirzepatide inakiwasha kipokezi chake, maridebart cafraglutide ya Amgen inakizima, na zote mbili zinakondesha. Ukichagua GIP, chagua upande mmoja na uwe na hoja yake, maana mkaguzi wa andiko atauliza.

Amilini inatoka kongosho pamoja na insulini na inagonga eria postrema pia, kupitia kipokezi cha kalsitonini kilichoambatana na protini ndogo ziitwazo RAMP. Ya binadamu ina tabia mbaya: inajisuka nyuzinyuzi hata ndani ya chupa. Pramlintide ya mwaka 2005 ilitatua hilo kwa prolini tatu kwenye nafasi za 25, 28 na 29, lakini ilidungwa kila mlo. Cagrilintide inadungwa mara moja kwa wiki, na ikichanganywa na semaglutide katika REDEFINE 1 ilifika asilimia 20.4 kwa wiki 68, plasebo 3.0. Soko lilitegemea 25, na hisa za Novo Nordisk zilianguka vibaya Desemba 2024. Kibayolojia, hata hivyo, hayo si matokeo ya kulia.

Waliobaki, kwa ufupi

NPY ndiyo kichocheo kikali cha njaa kwa panya, lakini Merck ilipozima kipokezi cha Y5 kwa MK-0557, binadamu walipungua kidogo mno. Ubongo una njia za pembeni. Leptini inawaponya waliozaliwa bila hiyo, ila mnene wa kawaida anayo tele na haisikii. Grelini, homoni ya njaa kutoka tumboni iliyogunduliwa Japani mwaka 1999, haijazaa dawa ya unene.

Naltrexone na bupropion, dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, zinastahili sentensi zaidi, kwa sababu wazo lake ni zuri. Bupropion inawasha nuroni za POMC. Nuroni hizo hutoa pia beta-endofini inayorudi kuzizima. Naltrexone inaziba njia hiyo ya kurudi. Hupandishwa wiki 4 hadi vidonge 2 asubuhi na 2 jioni, jumla naltrexone mg 32 na bupropion mg 360. COR-I ilipata asilimia 6.1 dhidi ya 1.3 kwa wiki 56. Haifai kwa mwenye kifafa, anayetumia dawa za maumivu za jamii ya afyuni, au mwenye presha isiyodhibitiwa, na haimezwi pamoja na mlo wa mafuta mengi kwa sababu kiasi kinachoingia damuni hupanda.

Kwa kuziweka pamoja

| Kipokezi | Dawa | Njia | Upungufu, dawa / plasebo | Kinachobana |
|---|---|---|---|---|
| CB1 | rimonabant | kidonge, kila siku | kilo 6.6 / 1.8, mwaka 1 | sonona, wasiwasi, imefutwa |
| 5-HT2C | lorcaserin | kidonge, mara 2 kwa siku | kilo 5.8 / 2.2, mwaka 1 | faida ndogo, shaka ya saratani, imefutwa |
| MC4R | setmelanotide | sindano, kila siku | 8 kati ya 10 walifika asilimia 10 (POMC), bila kundi la plasebo la mwaka mzima | kasoro adimu za jeni tu. Ngozi kukoza |
| GLP-1 | semaglutide | sindano, kila wiki | asilimia 14.9 / 2.4, wiki 68 | kichefuchefu, uzito kurudi |
| GLP-1 na GIP | tirzepatide | sindano, kila wiki | asilimia 20.9 / 3.1, wiki 72 | kama hapo juu. Hupunguza pia nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango |
| GLP-1 na amilini | semaglutide na cagrilintide | sindano, kila wiki | asilimia 20.4 / 3.0, wiki 68 | peptidi mbili, ugumu wa kutengeneza |

Namba za mistari tofauti zisitolewe moja kwa nyingine kama hesabu ya duka. Kila jaribio lina watu wake, muda wake na ushauri wake wa chakula. Iliyo salama kulinganishwa ni pengo kati ya dawa na plasebo ndani ya mstari mmoja.

Peptidi au kidonge?

Uamuzi huu unakwenda sambamba na ule wa kipokezi. Peptidi inapita madirishani na haisambai, hiyo ni faida ya usalama. Gharama yake ni friji: kalamu hizi hukaa nyuzi 2 hadi 8, na iliyoganda hutupwa hata ikiyeyuka vizuri. Wegovy (semaglutide) ikitoka friji ina siku 28, Zepbound (tirzepatide) siku 21, na zote zisizidi nyuzi 30. Kwa duka la dawa la Tanga au Mombasa ambako umeme unakatika mchana wa joto, hesabu hiyo ni ya kila siku. Joto likipita, kalamu haibadiliki sura. Inapoteza nguvu kimyakimya.

Semaglutide ya kumeza inaonyesha ugumu wa kuifanya peptidi kuwa kidonge. Kila kidonge cha kwanza cha aina hiyo kina mg 300 za chumvi ya salcaprozate ya kuipitisha kwenye ukuta wa tumbo, kinamezwa tumbo likiwa tupu kwa maji yasiyozidi mililita 120, kisha dakika 30 bila kula. Pamoja na yote hayo, takriban asilimia 1 tu ndiyo inayofika damuni.

Molekuli ndogo ni njia nyingine. Orforglipron, iliyobuniwa Chugai ya Japani na kuendelezwa na Eli Lilly, inamezwa bila masharti ya chakula. ATTAIN-1, wiki 72, mg 36, ilipata asilimia 11.2 dhidi ya 2.1. Lakini ini linasubiri: Pfizer iliiacha lotiglipron mwaka 2023 kwa vimeng'enya vya ini kupanda, na danuglipron Aprili 2025 baada ya mshiriki mmoja kuonyesha dalili za ini kuumizwa na dawa. Na upo mtego wa maabara uliowala wengi. Molekuli za jamii hii hushika asidi amino ya triptofani ya nafasi ya 33 kwenye kipokezi cha binadamu. Panya mahali hapo ana serini. Utamdunga panya wa kawaida mwezi mzima usione kitu, ukaitupa molekuli nzuri. Panahitajika panya aliyepandikizwa kipokezi cha binadamu, au nyani.

Vipimo vinavyotenganisha shibe na ugonjwa

Panya wa kawaida wa kazi hii ni dume la ukoo wa maabara uitwao C57BL/6J linalolishwa chakula chenye asilimia 60 ya nishati kutoka kwenye mafuta kuanzia wiki ya 6 ya umri, kwa wiki 12 hivi. Makosa tunayoyaona mara kwa mara ni haya.

Sindano yenyewe inamtisha panya na kumkondesha. Wadungwe maji ya chumvi siku 5 hadi 7 kabla ya dawa, mpaka uzito utulie. Bila hivyo siku 3 za kwanza za grafu ni hofu tupu. Chumba cha nyuzi 22 ni baridi kwa panya, anachoma nishati kujipasha, kwa hiyo dawa inayogusa uchomaji wa nishati ijaribiwe pia karibu na nyuzi 30. Liwepo kundi la panya wasio na dawa wanaopewa chakula kilekile walichokula wenye dawa jana yake, gramu kwa gramu; uzito ukipishana, hapo ndipo kuna athari isiyo ya chakula. Mwendo upimwe, maana panya aliyesinzia naye hali.

Kichefuchefu ni kigumu zaidi kwa sababu panya hawezi kutapika. Panya mkubwa wa maabara akichefukwa hula udongo. Awekewe kando ya chakula chake vidonge vya kaolini, udongo mweupe usio na lishe, vilivyopimwa kwa mizani ya miligramu, na vipimwe tena saa 24 baadaye pamoja na makombo yaliyodondoka chini ya tundu. Dawa ikishusha chakula na kaolini ikabaki kama ilivyokuwa, umepata shibe. Kaolini ikipungua kwa kadiri chakula kinavyopungua, umepata tumbo kuvurugika. Semaglutide nayo inawalisha panya udongo, kwa hiyo iwekwe kama kipimo cha kulinganishia: swali ni kama kwa molekuli yako panya anakula udongo mchache kuliko huo kwa upungufu uleule wa chakula.

Kwenye seli, peptidi yenye mkia wa mafuta ipimwe bila albumini na kwa albumini. Nguvu hushuka sana albumini ikiingia, na anayepima bila hiyo huchagua dozi ndogo mno kwa mnyama.

Kwa hiyo uchague nini

Mwenye wagonjwa wa jeni, kwa mfano hospitali inayowaona watoto wanaonenepa kupita kiasi kabla ya miaka 5, atapata njia fupi zaidi kwenye MC4R: wagonjwa wachache, jibu kubwa, na kipimo cha jeni kinachosema nani apewe. Mwenye wakemia wazuri wa molekuli ndogo na pesa ya panya waliopandikizwa kipokezi cha binadamu anaweza kuingia GLP-1, akijua analinganishwa na semaglutide, si na plasebo. Asilimia 5 iliyokuwa ikitosha kuipitisha dawa enzi za lorcaserin haimshangazi mtu tena. Kinachoweza kumpa nafasi ni kidonge kisichogusa ini, kichefuchefu kidogo, au nyama inayobaki.

Mwenye ujuzi wa peptidi na bajeti ya kawaida, sisi tungempeleka kwenye amilini. Uwanja una watu wachache kuliko GLP-1, dirisha ni lilelile, na inaongezeka juu ya GLP-1 badala ya kushindana nayo. Aanze na uthabiti. Peptidi iwekwe kwenye maji ya dawa nyuzi 37 huku ikitikiswa, pamoja na rangi ya thioflavini T inayong'aa nyuzinyuzi zikianza kujisuka, na isomwe kwa siku kadhaa kando ya amilini ya binadamu na pramlintide. Ikianza kung'aa mapema, abadilishe asidi amino kabla ya kununua panya hata mmoja.